Vijiko Kumi na Tisa

Kila baada ya chakula, vijiko huhesabiwa.
Sahani hazihesabiwi, wala vikombe;
hivyo vikipotea ni hasara ya nyumba tu.
Kijiko ni habari nyingine. Kila aliye hapa anaijua,
na asiyeijua Mungu amzidishie kutojua.

Tuko kumi na tisa, nyumba ya bati jekundu huku Rau,
nyuma ya migomba, mfereji ukipita chini ya uzio
bila kumwomba mtu ruhusa.
Sisi tunaomba. Kufika getini tunaomba.
Kumpigia mama, Jumapili, dakika kumi, tunaomba.

Jumanne hiyo Aminieli alihesabu mara tatu.
Kumi na nane.
Mtori ukaganda sufuriani.
Hakuna aliyemtazama mwenzake, na ndivyo tulivyotazamana.
Mfinanga, aliyekuwa fundi redio kule Kiboriloni
mpaka akauza redio za watu, akaanza kucheka peke yake.
Kijana mgeni, siku ya nne, arosto ingali magotini,
akasema, "Si mimi," kabla hajaulizwa.
Sote tumewahi kuisema hiyo, kwa sauti hiyohiyo,
mbele ya mgambo, mbele ya shemeji,
mbele ya cherehani ambayo haipo tena.

(Ya mama yangu iliacha alama nne sakafuni.
Hadi leo anapafagia kwa kupazunguka.)

Tukakaa duara, viti vya plastiki,
masika yakitwanga bati juu yetu.
Kocha Mringi hakupandisha sauti.
Ana miaka tisa bila unga, na mkono wenye makovu
kama ramani ya mji aliouhama.
"Kijiko kinasubiriwa," akasema.
Kikasubiriwa. Saa nzima. Miguu ikafa ganzi.

Akainuka Elirehema.
Elirehema! Mwenye siku mia mbili na kumi,
anayetuongoza sala, anayewakatia sungura majani,
ambaye sote tulijipima naye kimo.
Akakitoa soksini.
Kisafi. Mgongo wake haujaona moto.
"Sikuwa na kitu cha kuweka," akasema.
"Taa zilipozimwa nilikilaza kiganjani,
nisikie kama bado kinaniita."
Mvua.
"Kinaniita. Tena kwa jina la nyumbani,
lile la bibi."

Hakuna aliyepiga makofi, ingawa kanuni yasema
msema kweli apigiwe.
Mfinanga aliacha kucheka.
Mgeni alimkodolea macho kama mtu aliyeonyeshwa daraja,
kisha akatajiwa urefu wake.
Mimi nilitaka kumchukia. Nikashindwa,
kwa kuwa mwezi wa tano sasa nanywa uji kwa kikombe,
wali nakula kwa mkono,
kijiko changu nakirudisha kikavu,
na wakiniuliza nawaambia ni mazoea.

Mringi akakipokea, akakisuuza
kama chombo chochote kilicholala soksini,
akakitupia koponi pamoja na vingine,
na kopo akampa Elirehema.
"Kuanzia leo hesabu ni yako."
Aminieli akafungua mdomo, akaufunga.

Jioni wali maharage.
Elirehema akasimama mlangoni na kopo lake,
tukipita tunatumbukiza, kimoja kimoja,
naye anahesabu kwa sauti
kama mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa kuruka namba.
Kumi na saba. Kumi na nane.
Akanyamaza.

Nilikuwa nimebaki mimi.
Alikitazama kijiko changu, kikavu, kinang'aa,
akanitazama, na hakusema kitu.
Wala hakuniharakisha.

Nikarudi mezani. Chini ya sufuria kulikuwa na ukoko.
Nikaukwangua. Kilipiga kelele ile chuma inayopiga,
mkono ukatetemeka, nikala hivyohivyo,
nikakilamba mbele na nyuma,
nikampelekea.

"Kumi na tisa," akasema.

Kesho asubuhi kuna uji.